Kabati la dawa za mbwa na mbuzi: ipi irudishwe, ipi izikwe, ipi jirani asipewe

Swali

Daktari, shikamoo. Mbwa wetu Simba, aliyekuwa na kifafa, amekufa mwezi uliopita. Juzi nimefungua kabati la dawa zake nikakuta mengi: vidonge vya fenobabito alivyokuwa akimeza, chupa ya oksi (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuchoma) ya asilimia 20 iliyobaki nusu tangu mbuzi wetu walipougua mwaka jana, ivamektini kidogo ya minyoo na wadudu wa mwilini, dawa ya kupe niliyopimiwa dukani kwenye chupa ya soda, dawa ya kudondoshea mbwa mgongoni, kichupa cha chanjo ya mdondo wa kuku, sindano zilizokwisha kutumika, na pakiti ya vidonge vya minyoo ambayo haijafunguliwa. Jirani amesikia nina oksi na anaiomba, mbuzi wake wanakohoa. Mume wangu anasema vyote vitumbukizwe chooni, mama mkwe anasema vichomwe. Nina watoto wawili wadogo na paka. Nifanyeje? Mama wa Kihonda, Morogoro.

Jibu

Marahaba, mama, na pole kwa Simba. Mbwa wa kifafa humezeshwa dawa asubuhi na jioni bila kuruka, kwa hiyo najua alitunzwa.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uitoe ile chupa ya soda hapo ilipo. Itie kwenye ndoo yenye mfuniko, iweke mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti, na uiandike kwa wino mzito: SUMU, DAWA YA KUPE. Hiyo na vidonge vya kifafa ndivyo vitu viwili katika kabati lako vinavyoweza kuua mtu leo. Vingine vina madhara yake, lakini vinaweza kungoja hadi kesho.

Sababu ni hii. Dawa ya kupe uliyopimiwa haijachanganywa na maji. Amitrazi ya asilimia 12.5, mojawapo ya zilizozoeleka madukani, huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Maana yake chupa ya soda ya nusu lita inatosha kutengeneza lita 250 za kuogeshea mifugo. Ukali wote huo umekaa ndani ya chupa ambayo kila mtoto wa Morogoro anajua ni ya kinywaji. Ubaya mwingine ni kwamba dawa hizi zikigusa maji hugeuka nyeupe pepe, na mtoto akikuta kimiminika cheupe kwenye kikombe atadhani ni maziwa. Aliyekunywa amitrazi hupata usingizi usio wa kawaida, mapigo ya moyo hushuka, pumzi hulegea. Ikitokea, msimtapishe. Ndani yake kuna kiyeyushi cha jamii ya petroli ambacho wakati wa kutapika huweza kuingia kwenye mapafu na kuyaharibu. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Hapo ndipo kukosekana kwa lebo kunapouma. Amitrazi hugeuka nyeupe kwenye maji, na saipamethrini, dawa nyingine ya kupe, nayo vilevile, ilhali zinaudhuru mwili kwa njia tofauti. Daktari wa zamu akiuliza mtoto amekunywa nini, chupa ya soda haimwambii kitu. Rudi kwenye duka ulilopimiwa ukaulize jina la dawa, uliandike kwenye chupa, kisha uwaombe wenye duka waipokee. Wakikataa, nenda ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri. Ungekuwa nayo kwenye chupa yake ya kiwandani, lebo ikisomeka na muda haujapita, ningekuambia njia bora ya kuimaliza ni kuitumia kama lebo inavyosema, kwa mifugo yenye kupe. Bila lebo, usimwogeshee mnyama yeyote na usimpe mtu. Tena usimwage. Mvua ya masika ikinyesha, mifereji ya mji wa Morogoro hupeleka maji yake Mto Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, ambao ndio chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam. Samaki hawahitaji kiasi kikubwa cha saipamethrini kufa, na nyuki ni vivyo hivyo.

Sasa jirani. Usimpe hiyo oksi.

Najua ni neno gumu kulisema mlangoni. Mtu ana mbuzi wanaoumwa, wewe una dawa kabatini, na sisi tumelelewa kwamba chumvi na moto haviombwi kwa jirani vikakosekana. Lakini katika miaka yote ya kutibu mifugo, madhara mengi niliyoyaona ya dawa zilizobaki hayakutoka jalalani. Yalitoka kwenye mkono mwema uliompa mwenzake nusu chupa. Dawa iliyotupwa vibaya inadhuru, lakini iliyogawiwa inaingia moja kwa moja kwenye mwili wa mnyama, na kutoka hapo kwenye maziwa na nyama.

Ichukue hiyo chupa uinyanyue kwenye mwanga. Tazama kizibo cha mpira kwanza. Kila sindano iliyopita pale imeacha tundu, na mara nyingi utaona vipande vidogo vyeusi vya mpira vikielea ndani. Sindano moja iliyotumika kwa mbuzi na kurudishwa kwenye chupa inatosha kuingiza vijidudu. Ndiyo maana dawa nyingi za chupa za kuchoma hupewa siku 28 tu baada ya kutobolewa mara ya kwanza, hata kama tarehe ya kiwanda iko mbali. Yako imekaa tangu mwaka jana. Kisha tazama rangi. Oksi hudhurika kwa mwanga na joto, na ikiharibika huwa ya kahawia iliyokoza kuliko ulivyoinunua. Iliyoharibika haiishii kupoteza nguvu. Mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa walioumia figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyokuwa imeoza, na oksi ni ya ukoo huohuo.

Hata ingekuwa mpya, ningekataa, kwa sababu kikohozi ni dalili tu, na jirani hajui ni cha ugonjwa gani. Mbuzi wanaweza kukohoa kwa homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo oksi huisaidia ikiwahiwa. Wanaweza kukohoa kwa minyoo ya mapafu, ambayo oksi haiigusi. Na wanaweza kuwa na sotoka ya mbuzi na kondoo. Huyo ni kirusi, na hakuna antibiotiki inayoua kirusi. Sotoka huja na homa, macho na pua kutoa uchafu, vidonda mdomoni, kuharisha, na vifo vinavyofuatana. Ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 kule kaskazini, na dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Mfugaji akiwachoma oksi mbuzi wenye sotoka, wachache hupata nafuu ya siku mbili kwa sababu vijidudu vilivyodandia ugonjwa vimepungua. Mfugaji anatulia. Hamwiti mtaalamu. Wiki ya pili zizi limekwisha, na la mwenzake limeshaanza. Huu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa serikalini, na kinga yake ni chanjo.

Tena muulize kama mbuzi hao wanakamuliwa. Chupa nyingi za oksi ya asilimia 20 huandikwa maziwa yasinywewe kwa siku 7 hivi, na nyama isiliwe kwa wiki tatu hadi nne, kutegemea mtengenezaji. Anayepewa dawa ya kumiminiwa kwenye bomba la sindano haoni maandishi hayo. Maziwa yenye mabaki ya dawa yanafika kwa watoto, na vijidudu vilivyoonja dawa kidogo bila kufa vinajifunza kuishi nayo. Kwa mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyoshindikana kwa antibiotiki, na kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Sehemu ya usugu huo huanzia kwenye mazizi.

Kwa hiyo mwambie hivi: "Hii yangu imeharibika, itakuulia mbuzi. Tumwite afisa mifugo." Kisha msaidie kumpigia simu. Kama fedha ndiyo kikwazo, mwelezeni afisa mapema. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji mililita 3 tu za oksi, na mfugaji hana haja ya kununua chupa ya mililita 100 kwa ajili ya hizo tatu. Alipie sindano, chupa ibaki na mtaalamu mwenye wagonjwa wa kuimaliza ndani ya muda wake. Nalisema hili kwako pia. Nusu chupa iliyokaa kabatini kwako mwaka mzima ilitokana na kununua chupa nzima kwa mbuzi wawili watatu.

Vidonge vya Simba vina hatari ya namna yake. Fenobabito ni dawa ileile wanayopewa watu wenye kifafa, na iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Humtuliza mgonjwa, na ikizidi huzima pumzi. Mbwa wa kilo 20 huweza kupewa miligramu 60 asubuhi na 60 jioni. Mtoto wa kilo 10 akikuta vidonge kumi vya miligramu 30 na kuvila, hiyo ni dharura ya kulazwa. Usivitupe kwenye taka, maana jalala letu lina watu wanaochambua, na wengine ni watoto. Vihesabu, andika idadi kwenye karatasi, uvipeleke kwa daktari aliyemwandikia Simba na umwombe aandike kwenye faili kwamba amevipokea. Akiwa mbali, mfamasia wa hospitali ataelewa ukimwambia ni fenobabito.

Huenda mtu akakwambia kuna mtoto wa fulani mwenye kifafa, dawa ni moja, mpe asaidike. Nakuomba usifanye hivyo, na si kwa sababu zilikuwa za mbwa. Mgonjwa wa kifafa anayeanza fenobabito kisha ikamwishia ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma, ambalo linaua. Vidonge vyako ni vya wiki kadhaa, kisha vimekwisha. Mtoto huyo anahitaji kliniki itakayompimia dozi kwa uzito wake na kumhakikishia dawa ya mwezi ujao na unaofuata. Ukitaka kusaidia, mpeleke mama yake huko.

Kuhusu choo, mume wako ana nia nzuri ya kuziondoa mbele ya watoto, lakini shimo la choo halizuii kitu kutoka. Maji yake hupenya ardhini, na Kihonda kuna nyumba zinazotumia visima. Kama choo chenu ni cha tangi, antibiotiki huwaua vijidudu wanaokula uchafu humo, na gari la majitaka likija kunyonya, kilichobaki kinaenda kwenye mabwawa ambayo hayakujengwa kuchuja dawa. Ivamektini ndiyo mbaya zaidi majini, kwani kiasi kidogo mno huua viumbe wadogo ambao samaki huwala.

Na moto wa mama mkwe hautoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 kuhusu kutupa dawa zisizohitajika unataka tanuri lenye vyumba viwili na joto lisilopungua nyuzi 850. Moto wa taka uani uko chini sana ya hapo. Plastiki na dawa nusu huungua, nusu huwa moshi, na moshi huo unapita dirishani kwa wanaopika. Dawa ya kupe ndiyo kabisa isisogezwe motoni: kiyeyushi chake hulipuka.

Mfanyabiashara mwenye dawa zilizokwisha muda hazitupi mwenyewe. Huwasiliana na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa za binadamu na za mifugo Tanzania Bara, na uteketezaji hufanyika mbele ya wasimamizi. Njia hiyo ni ya shehena, haikuwekwa kwa ajili ya mama mwenye kabati moja. Kwa hiyo njia yako ni kurudisha dawa kwa mtu ambaye taka zake zina pa kwenda: duka la dawa za mifugo lenye mtaalamu, kliniki, au hospitali ya wanyama. Hapo Morogoro mna bahati, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya kufundishia ya wanyama. Piga simu kabla ya kubeba mzigo, ueleze unazo zipi. Wenye maduka wengi hukataa kupokea wakidhani unataka kurudishiwa fedha, kwa hiyo anza kwa kusema hutaki hata senti.

Kama wote wamekataa, oksi na ivamektini unaweza kuzishughulikia nyumbani kwa sababu ni kidogo na zote mbili hung'ang'ania udongo badala ya kutiririka na maji. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi. Chukua kopo lenye mfuniko, jaza jivu na maranda ya mbao hadi nusu, mimina dawa taratibu, ongeza jivu na maranda mpaka pasionekane unyevu, funga, zungushia utepe wa gundi, tia ndani ya mfuko mweusi. Vidonge vya kawaida vilivyokwisha muda navyo hutolewa kwenye pakiti na kuchanganywa hivyohivyo na majani ya chai yaliyotumika. Usivitwange, vumbi lake utalivuta wewe. Kopo litoke siku gari la halmashauri linapopita, lisilale nje usiku kucha. Pasipo na gari, lizikwe kina cha mita moja, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, mbali na bustani na mbali na mahali maji yanapotuama. Ukichimba kifupi, kuku na mbwa wa mtaani watalifukua.

Chupa tupu zisioshwe ili zitumike tena. Nimeona mafuta ya taa, mafuta ya kula, hata asali ndani ya chupa za dawa ya mifugo. Itoboe au uiponde kabla ya kuitupa.

Sindano zilizotumika usizifunike tena kwa kifuniko chake, hapo ndipo watu wengi hujichoma. Zidondoshe, ncha ikitangulia, kwenye chupa ngumu ya plastiki kama ya dawa ya kufulia, ifike robo tatu tu, ifunge, uiandike, upeleke zahanati. Wana boksi la usalama la sindano na watakuelewa. Chanjo ya mdondo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Haitakuua, ingawa ikiingia jichoni huliwasha na kulifanya jekundu. Ichemshe kichupa kikiwa wazi kwenye kopo lisilopikiwa, au kijaze dawa ya klorini ukiache saa moja, kisha tupa. Chanjo iliyochanganywa haihifadhiwi hadi msimu ujao. Kuku watachanjwa maji matupu na mdondo utawakuta palepale.

Ile ya kudondoshea mgongoni ni ya mbwa. Isome uone kama ina pamethrini, sumu ya kuua kupe na viroboto, na kama inayo, isimguse paka wako hata tone moja. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo, na ndani ya saa chache huanza kutetemeka, kisha degedege. Wenye paka hufikiri dozi ndogo itakuwa salama kwa mnyama mdogo. Si hivyo. Vichupa ambavyo havijafunguliwa, vikiwa na boksi lake na tarehe yake, hivyo unaweza kumpa rafiki mwenye mbwa wa uzito ulioandikwa na asiye na paka ndani. Vilivyofunguliwa vifuate njia ya dawa ya kupe.

Hukuniambia Simba alikufaje. Kama alichomwa sindano ya kumpumzisha, dawa hiyo hubaki mwilini, na mnyama atakayemla ataumia. Hakikisha kaburi lina kina cha mita moja au zaidi na halijafukuliwa. Dawa huendelea kufanya kazi baada ya mnyama kufa. Huko India, Pakistan na Nepal tai wala mizoga walikaribia kwisha kabisa, aina kadhaa zikipungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2004 ikagundulika kwamba walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliopewa diklofenaki ya maumivu. Nchi hizo ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mikumi iko ndani ya mkoa wenu, na tai wa Mikumi hawajui mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Kama kabatini kuna diklofenaki, isichomwe kwa ng'ombe wala mbuzi.

Vidonge vya minyoo baki navyo. Pakiti haijafunguliwa, na kama tarehe imeandikwa mwezi na mwaka tu, vinafaa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Viweke pakavu, pasipo jua, kwenye boksi lenye kufuli. Mkija kuchukua mtoto wa mbwa mwingine, anaanza dawa ya minyoo akiwa na wiki mbili na kurudia kila baada ya wiki mbili hadi afike wiki nane au kumi na mbili, lakini kwanza apimwe kilo na lebo isomwe kama dawa hiyo inaruhusiwa kwa umri wake. Mizani ya jikoni inatosha: mtie kwenye beseni, utoe uzito wa beseni, uandike namba hiyo juu ya pakiti kabla hujakata kidonge.